Kompyuta ya Nyumbani na Usalama wa Taarifa za Fedha za Kaya

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa kata kupanga foleni sasa hupatikana kwa kompyuta. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi wamezoea kuiita kontroli namba. Marejesho ya kodi huwasilishwa kwa mtandao, na benki humtumia mteja taarifa ya akaunti yake kwa barua pepe. Nauli na muda wa mwananchi vimeokolewa. Hata hivyo, unafuu huo umeleta jukumu jipya ndani ya nyumba, na jukumu hilo bado halijazoeleka.

Katika nyumba nyingi lipo sanduku, kabati au bahasha ya kaki inayotunza hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na kitabu cha benki. Kila aliyemo katika nyumba hiyo anajua kuwa sanduku hilo halichezewi, na ufunguo wake unajulikana ulipo. Kompyuta iliyo juu ya meza ya sebuleni ina nakala za nyaraka zilezile, na pengine nyingi zaidi. Lakini watoto huchezea michezo juu yake, jirani huiazima ili aandike barua ya maombi ya kazi, na inapoharibika hukabidhiwa fundi na kukaa kwake siku tatu bila mtu kuuliza kilichomo ndani.

Somo hili linaeleza namna ya kuirudishia kompyuta ya nyumbani heshima ya sanduku la nyaraka. Halihitaji utaalamu wa TEHAMA. Linajengwa juu ya maswali matatu ambayo mwenye nyumba yeyote angeuliza kuhusu sanduku lake: ndani kuna nini, nani anaweza kulifungua, na vilivyomo vitaondokaje siku sanduku lenyewe litakapoondoka.

SWALI LA KWANZA: NDANI KUNA NINI?

Wengi wakisikia maneno "taarifa za fedha" hufikiria namba ya siri ya kadi ya benki pekee. Kwa kweli taarifa hizo ni pana zaidi. Zinajumuisha namba ya akaunti, picha ya kadi ya benki, taarifa za miamala, namba ya mlipakodi, mkataba wa mkopo, hati ya mshahara, picha ya kitambulisho cha Taifa na hata picha ya sahihi iliyotolewa nakala kwa ajili ya fomu fulani.

Kipande kimoja peke yake huweza kuonekana hakina madhara. Hatari huja vinapounganishwa. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mhusika. Mtu anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa kama namba ya siri amekwisha kuiandika namba hiyo kwenye kila nakala ya kitambulisho aliyoiacha ndani ya kompyuta. Vivyo hivyo, picha ya kadi ya benki iliyopigwa pande zote mbili humpa mwizi namba ya kadi, tarehe ya kuisha na tarakimu 3 za uthibitisho zilizo nyuma. Mambo hayo matatu mara nyingi hutosha kujaribu ununuzi mtandaoni, bila kadi yenyewe kuondoka kwenye pochi.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Tapeli anayempigia mtu simu akimtaja kwa majina yake matatu, akaijua namba ya kitambulisho chake na kiasi alichoweka benki wiki iliyopita, huaminiwa upesi. Msikilizaji hujiambia kuwa mtu asiye wa benki asingeyajua hayo. Hivyo mara nyingi wizi wa fedha hutanguliwa na wizi wa taarifa, na kati ya hayo mawili huweza kupita miezi.

Kazi ya kwanza ya kaya, basi, ni kuhesabu mali. Inafaa saa moja itengwe na kompyuta ipekuliwe kama sanduku linavyopekuliwa. Mahali pa kuanzia ni folda ya vitu vilivyopakuliwa kutoka intaneti, kwa sababu kila taarifa ya benki iliyofunguliwa kutoka kwenye barua pepe huenda ikabaki humo, na ikifunguliwa mara tatu huacha nakala tatu. Baada ya hapo huangaliwa eneo la mbele la kompyuta, folda ya picha, viambatisho vya barua pepe na pipa la taka la kompyuta, ambalo wengi husahau kuwa linatunza kila kilichotupwa hadi limwagwe.

Kinachopatikana kigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyohitajika kwa muda mrefu, kama mikataba na risiti za kodi. Hivi vihamishiwe kwenye folda moja inayolindwa. Fungu la pili ni vilivyohitajika mara moja tu, kama nakala ya kitambulisho iliyotumwa kwa mwajiri. Hivi vifutwe na pipa limwagwe. Fungu la tatu ni vitu ambavyo havikupaswa kuwamo kabisa: namba za siri zilizoandikwa kwenye faili, picha za kadi ya benki na orodha ya nywila iliyopewa jina la "nywila zangu". Hivi viondolewe siku hiyohiyo, na nywila zilizokuwa wazi zibadilishwe.

Kompyuta ya mweka hazina wa kikundi

Suala hili huwa zito zaidi katika nyumba ya mtu anayetunza kumbukumbu za watu wengine. Vikundi vya kuweka na kukopa, pamoja na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, huwa na katibu au mweka hazina. Mara nyingi kumbukumbu za kikundi chote zimo katika kompyuta ya nyumbani kwake: majina, namba za simu, namba za vitambulisho, hisa za kila mwanachama na kiasi anachodaiwa.

Faili hilo likivuja, anayeumia si mwenye kompyuta peke yake. Mwanachama aliyekopa kwa siri ya kikundi anaweza kujikuta akitajwa mtaani, na tapeli anaweza kuwapigia wanachama wote akidai marejesho kwa jina la mweka hazina. Kikundi huweza kuvunjika kwa kukosa kuaminiana hata pale ambapo hakuna shilingi iliyopotea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imejengwa juu ya kanuni ambazo kila kikundi kinaweza kuzifuata: taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni yanayojulikana, zisizidi zinazohitajika, zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na zilindwe. Kwa kikundi cha kata maana yake ni nyepesi kueleweka. Nakala za vitambulisho vya wanachama waliokwisha kujitoa hazina sababu ya kuendelea kukaa humo, na faili la hisa liwekewe nywila inayojulikana na viongozi wawili walioteuliwa na mkutano.

SWALI LA PILI: NANI ANAWEZA KULIFUNGUA?

Kompyuta ina milango minne inayostahili kuangaliwa: mlango wa sebuleni, mlango wa nywila, mlango wa programu zilizochakaa, na mlango ambao mwenye nyumba huufungua mwenyewe baada ya kubishiwa hodi.

Mlango wa sebuleni. Kompyuta isiyo na nywila ya kuwashia ni sanduku lisilo na kufuli. Ulinzi mwingine wowote uliowekwa ndani hupungua nguvu, kwa kuwa kivinjari kilichohifadhi nywila humjazia yeyote aliyeketi mbele yake. Mifumo ya kompyuta ya siku hizi huruhusu kila mtumiaji kuwa na akaunti yake. Mzazi awe na akaunti ya usimamizi yenye nywila, na watoto pamoja na wageni wawe na akaunti ya kawaida isiyoweza kusakinisha programu. Mpangilio huo hausemi kuwa watoto si waaminifu. Mtoto anayetafuta mchezo wa bure huweza kupakua programu yenye kirusi bila kujua, na akaunti ya kawaida huipunguzia programu hiyo uwezo wa kugusa mafaili ya wazazi. Aidha, kompyuta ipangwe kujifunga yenyewe baada ya dakika tano za kutotumika.

Mlango wa nywila. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila zipatazo milioni 32 ambazo ilikuwa imezitunza wazi bila kuzificha kwa msimbo. Walioichunguza orodha hiyo walikuta kuwa nywila iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa 123456. Tangu wakati huo orodha za namna hiyo zimekuwa vitendea kazi vya wezi. Mwizi hana haja ya kubahatisha. Huanza na nywila ambazo watu wengine wamekwisha kuzitumia.

Urefu una faida kubwa kuliko alama za kutatanisha. Nywila ya tarakimu 6 ina uwezekano wa mipangilio milioni 1 tu, idadi ambayo kompyuta huimaliza kwa muda mfupi sana. Maneno manne yaliyochaguliwa kwa kura kutoka katika orodha ya maneno 2,000 yana uwezekano wa mipangilio trilioni 16, nayo hukumbukwa kwa urahisi. Jambo la msingi ni kwamba maneno hayo yasihusiane. Methali haifai hata ikiwa ndefu, kwa kuwa "haraka haraka haina baraka" inajulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili, mwizi akiwamo. Jina la mtoto, la timu ya mpira au la kijiji cha asili halifai pia.

Nywila ya kwanza kuimarishwa ni ya barua pepe. Wengi hudhani nywila ya benki ndiyo kubwa kuliko zote. Lakini mtu anaposahau nywila ya huduma nyingi za mtandaoni, kiungo cha kuibadilisha hutumwa kwenye barua pepe yake. Anayeishika barua pepe ana ufunguo wa kutengenezea funguo nyingine. Barua pepe iwe na nywila isiyotumika mahali pengine popote, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, ili anayejua nywila pekee ashindwe kuingia bila namba ya muda inayotokea kwenye simu ya mwenyewe.

Mtu mwenye nywila nyingi anaweza kutumia programu ya kutunzia nywila, kama vile KeePass, inayopatikana bila malipo na kuzifunga zote chini ya nywila kuu moja. Asiyependelea njia hiyo aziandike kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Daftari huweza kuibwa na aliyeingia ndani ya nyumba tu, wakati faili lililo wazi kwenye kompyuta huweza kuibwa na mtu aliye nje ya nchi.

Mlango wa programu zilizochakaa. Mei 12, 2017 kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili ya kompyuta kilizozivamia na kudai malipo ili kuyafungua. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Fundisho lake kubwa limo katika tarehe. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu lililotumiwa na kirusi hicho mwezi Machi mwaka huohuo, takribani miezi miwili kabla. Kompyuta za toleo lililohudumiwa ambazo zilikuwa zimepokea sasisho hilo tundu lao lilikuwa limezibwa.

Kwa hiyo ujumbe wa kompyuta unaoomba kufanya sasisho haupaswi kuahirishwa kila siku. Ni kweli kwamba bando lina gharama, na masasisho hula bando. Kaya inaweza kujipangia siku moja kwa wiki ya kufanya kazi hiyo, hasa wakati wa saa za bando nafuu. Wenye kompyuta za Windows 10 wajue kuwa toleo hilo lilikoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ya muda. Kompyuta inayoweza kupokea toleo jipya ihamishwe. Isiyoweza isitumike tena kwa shughuli za benki.

Programu za kughushi zinazouzwa kwa bei ya soda huingia katika fungu hili. Anayezivunja kufuli programu hizo hupata nafasi ya kuingiza ndani yake kitu kingine, na mojawapo ya vitu hivyo ni programu inayorekodi kila herufi inayobonyezwa. Programu ya kuzuia virusi ya Microsoft Defender huja ndani ya Windows bila malipo ya ziada. Inatosha kwa nyumba nyingi, mradi isizimwe kwa agizo la anayetaka kusakinisha programu ya kughushi.

Mlango unaobishwa hodi. Hii ndiyo njia isiyomtaka mwizi kuvunja chochote. Barua pepe huja na nembo ya benki, au simu hupigwa na mtu anayejitambulisha kuwa afisa wa halmashauri anayeshughulikia mikopo ya vikundi. Ujumbe huwa na haraka: akaunti itafungwa leo, jina litaondolewa kwenye orodha kabla ya saa kumi jioni. Haraka hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kwani nia yake ni kumzuia mhusika asiulize mtu mwingine.

Zipo alama za kutofautisha. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na go.tz, na herufi hizo ziwe mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza. Jina lenye herufi hizo katikati na kumalizikia kwa kitu kingine si la Serikali. Alama ya kufuli inayoonekana kwenye baadhi ya vivinjari huonyesha tu kuwa mawasiliano yamefichwa njiani. Haithibitishi kuwa aliye upande wa pili ni mwaminifu, kwa kuwa hata tapeli huweza kuipata. Malipo halali ya halmashauri hutolewa kumbukumbu namba ya malipo, na hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Benki haina sababu ya kumwuliza mteja namba yake ya siri wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yake.

Njia iliyo salama ni kukata simu, kisha kuipigia benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, au kufika katika ofisi ya kata. Inapotokea mpigaji akamwomba mtu asakinishe programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, kama vile AnyDesk au TeamViewer, ombi hilo likataliwe. Programu hizo si mbaya zenyewe, na mafundi huzitumia kwa kazi halali. Lakini kumruhusu mtu asiyejulikana kuzitumia ni sawa na kumpisha akae kwenye kiti mbele ya sanduku lililo wazi.

SWALI LA TATU: VITAONDOKAJE?

Sanduku la mbao likiuzwa, mwenye nalo hutoa nyaraka zake kwanza. Kompyuta huuzwa, hutolewa zawadi au hutupwa ikiwa na kila kitu ndani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 zilizotumika, walizonunua katika masoko ya kawaida. Ni diski 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta, pamoja na mambo mengine, namba za kadi za malipo zaidi ya 5,000. Wauzaji wengi bila shaka waliamini kuwa wamekwisha kufuta.

Sababu yake inaeleweka kwa mfano wa kitabu. Faili linapofutwa, mara nyingi kompyuta huondoa tu jina lake kwenye yaliyomo, huku kurasa zenyewe zikibaki hadi siku zitakapoandikwa juu yake. Programu za kurejesha mafaili yaliyofutwa zinapatikana bure. Mtu anayeuza kompyuta ya Windows anapaswa kutumia sehemu ya mipangilio ya kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, akichagua kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski. Kompyuta iliyokufa kabisa itolewe diski kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu, na diski hiyo itunzwe au ivunjwe.

Kinga bora huwekwa mapema, yaani kuficha diski nzima kwa msimbo ili isisomeke bila nywila. Baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker, na kompyuta za Apple zina FileVault. Panapokosekana huduma hizo, programu ya VeraCrypt hufanya kazi hiyo bila malipo. Asiyeweza hayo yote aanze na hatua ndogo ya kuweka nywila kwenye faili lenyewe la Word au Excel. Tahadhari ni moja: nywila hiyo ikisahaulika, faili huenda lisifunguke tena, hivyo iandikwe kwenye daftari la kabatini.

Safari za muda mfupi nazo zihesabiwe. Kabla kompyuta haijapelekwa kwa fundi, nakala ya mafaili muhimu itolewe, akaunti za barua pepe zifungwe, na fundi apewe akaunti ya muda badala ya nywila ya mwenye nyumba. Kwa matengenezo ya kioo au chaji, ni halali kabisa kumwomba fundi aitoe diski na kuiacha kwa mwenyewe. Fundi mwaminifu hatachukizwa, kwani jambo hilo humkinga naye dhidi ya lawama. Katika stesheneri, aliyechapisha taarifa ya benki ahakikishe faili limefutwa kwenye kompyuta ya hapo na pipa limemwagwa. Kama alitumia WhatsApp, aangalie kwenye simu yake sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kukiondoa kile cha dukani.

Hatimaye, vilivyomo huweza kuondoka kwa moto, mafuriko, wizi au hitilafu ya umeme. Nakala moja ya folda inayolindwa iwekwe kwenye flashi au diski ya nje iliyofichwa kwa msimbo, na itunzwe mbali na kompyuta, ikiwezekana katika nyumba nyingine ya familia. Flashi hiyo isiachwe imechomekwa, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili hufunga na ya flashi pia.

IKIWA JAMBO LIMEKWISHA KUTOKEA

Dakika za mwanzo zina thamani kubwa, na aibu ndiyo adui wake. Wengi huchelewa kwa kuogopa kuchekwa, na muda huo fedha huendelea kuhamishwa. Hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio:

1. Kompyuta itenganishwe na intaneti kwa kuzima mtandao wake.

2. Benki au kampuni ya simu ipigiwe mara moja ili kuzuia akaunti, kadi au laini, kwa kutumia namba rasmi.

3. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kuanzia na ya barua pepe.

4. Ushahidi utunzwe. Ujumbe, namba ya mpigaji na risiti za muamala visifutwe, bali vipigwe picha.

5. Taarifa itolewe kituo cha polisi na namba ya RB ichukuliwe, kwani benki huweza kuihitaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua kuwa makosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, kudanganya kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine.

6. Namba ya simu iliyotumika kutapeli iripotiwe kwa namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa kupiga *106# mkazi anaweza pia kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kugundua asizozitambua.

7. Ikiwa kompyuta ilikuwa na kumbukumbu za kikundi, wanachama waambiwe siku hiyohiyo. Habari mbaya inayotoka kwa kiongozi huwapa nafasi ya kujikinga. Ikitoka kwa tapeli, huwa wamekwisha kuchelewa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kaya au kikundi kinaweza kuyajadili maswali yafuatayo kwa pamoja. Jibu la "hapana" katika swali lolote ndilo linaloonyesha pa kuanzia.

1. Je, mgeni akiiwasha kompyuta hii sasa, atazuiwa na nywila?

2. Je, folda ya vilivyopakuliwa na pipa la taka vimekaguliwa mwezi huu?

3. Je, nywila ya barua pepe ni tofauti na nyingine zote, na uthibitisho wa hatua mbili umewashwa?

4. Je, kompyuta imepokea masasisho ndani ya siku 30 zilizopita?

5. Je, watoto wana akaunti yao?

6. Je, kompyuta ikiibwa usiku wa leo, aliyeiiba atashindwa kusoma mafaili ya fedha, na je, kaya itakuwa na nakala?

7. Je, kila aliye ndani ya nyumba, pamoja na wazee na vijana, anajua kuwa namba ya siri na namba ya uthibitisho hazitajwi kwa yeyote?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Kaya huweza kuweka nywila ndefu na diski iliyofichwa, kisha babu akaitaja namba ya uthibitisho kwa mpigaji mwenye sauti ya upole. Wazee wengi hupokea fedha kupitia simu, na baadhi yao husaidiwa na wajukuu kwenye kompyuta. Waelezwe kwa heshima na kwa subira, na waambiwe kuwa kukata simu ili kuuliza kwanza si utovu wa adabu.

Mkazi mwenye swali kuhusu somo hili, au kikundi kinachohitaji ufafanuzi, anashauriwa kuwasilisha ombi lake kwa Mtendaji wa Kata ili lifikishwe katika Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri. Asiwasilishe pamoja na ombi hilo nakala ya kitambulisho, namba ya akaunti wala nywila, kwa sababu swali hujibiwa bila hivyo vyote.